Meli Inaondoka na Ng'ombe Wetu Wote Wamekauka

Baba Muthoni,

Leo nimeamka saa ya kukamua kama kawaida. Nimeteleka maji ya kuoshea viwele, nimebeba ndoo hadi zizini, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kukamuliwa. Karembo amekauka maziwa na Nyange naye amekauka. Wote wawili wanangoja kuzaa, matumbo yamewajaa, na waliniangalia kama mtu aliyeingia boma la wenyewe. Nilikaa kwenye kigoda chako hadi maji yakapoa. Ukungu ulikuwa mzito, hata mlango wa jikoni sikuuona.

Unajua nyumba hii haijawahi kukosa maziwa. Ulikuwa ukipanga mambo ili mmoja akikauka, mwenzake awe bado anakamuliwa. Ndiyo sababu hatukuwahi kulala nje ya nyumba sisi wawili kwa pamoja. Harusi ya mdogo wako kule Mukurweini ulienda wewe. Mazishi ya shangazi yangu Kiganjo nilienda mimi. Muthoni wetu alipopata kazi ya hoteli Mombasa akatuita mwaka baada ya mwaka, ulikuwa ukiniambia niende, nami nikisema siendi bila wewe, mpaka mtoto akachoka kutuita.

Siku hizi nanunua maziwa ya pakiti, Baba Muthoni. Mimi! Natoka dukani hapo Mweiga nikiwa nimeyaficha ndani ya sweta.

Unaikumbuka ile siku ya meli? Tulikuwa tumeshuka Nyeri kununua dawa ya kupe, mvua ikatunyeshea, tukaingia kwenye ile hoteli ya karibu na soko. Uliagiza chai na maandazi, halafu ukaanza kulalamika kwamba chai ni maji. Kwenye televisheni ikatokea meli ya starehe, nyeupe, ina madirisha mengi kuliko nyumba zote za mtaa wetu. Watu walikuwa wamelala kwenye viti mchana kweupe, wengine wanaogelea kwenye bwawa lililo juu ya meli, na meli yenyewe iko baharini. Niliacha andazi langu. Nilikwambia, "Baba Muthoni, mimi nataka kupanda hiyo."

Ulicheka hadi mhudumu akageuka.

"Ati hiyo? Hiyo ni ofisi ya kaunti imesukumwa kwa maji!" ulisema. "Na ukichoka kukaa, utatembea uende wapi? Ni maji tu. Hakuna hata nyasi."

"Mimi si ng'ombe, nyasi ni ya nini?"

"Ng'ombe ndio hao nyumbani. Nani atakamua?"

Tukabishana njia nzima. Mimi nilisema mtu afanye kazi maisha yake yote, akose hata wiki moja ya kupikiwa? Wewe ukasema chakula cha kupikiwa na watu usiowajua kinaleta kiungulia. Kuanzia siku hiyo ukawa unanitania. Nikichelewa kuamka unaniuliza kama nimeshafika Unguja. Nikilalamika goti linauma unaniambia nimwite kapteni. Nilikuwa nikikasirika kidogo, lakini nilipenda kwamba hukuisahau.

Halafu mwaka jana ukafanya lile jambo ambalo sikulielewa. Karembo alikuwa kwenye joto la kutaka dume, anapiga kelele hadi majirani wanasikia, na wewe ukakataa kumwita Daktari Otieno wa mifugo aje kumpandisha mbegu. Ukaacha joto lile likapita. Ukangoja mpaka Nyange naye alipokuwa tayari, ndipo wote wawili wakapandishwa karibu pamoja. Nilikuambia umezeeka. Nilikuambia hata mtoto wa shule wa hapa kwetu anajua watakauka pamoja. Ukaniitikia tu, "Sawa, Mama Muthoni," ukaendelea kuwakatia ng'ombe majani ya nepia. Moyoni niliogopa. Nilidhani akili yako imeanza kukuacha.

Kumbe kilichokuwa kikikuacha ni moyo. Mwezi wa baridi ukaja, ukashikwa pale kwenye lango ukiwa na mkebe wa maziwa mkononi, na hospitalini hukutoka tena. Tumekuzika chini kule karibu na miparachichi, unapopapenda. Mimi bado nalala upande wangu wa kitanda. Wako nimeweka blanketi zilizokunjwa, kwa sababu ule upande ukiwa mtupu silali.

Muthoni ndiye aliyeianzisha tena habari ya meli. Alipiga simu juzi.

"Mami, kuna meli inatoka hapa Mombasa, inaenda Unguja na visiwa vingine, inarudi. Nimekuwekea pesa pole pole. Nataka uende."

Nilimwambia asinichekeshe. Lakini usiku huo huo nilianza kuiwaza. Nitafanya nini huko? Kutapika naweza kutapika hata nikikaa kiti cha nyuma cha gari kwenda Nyeri. Muthoni anasema vidonge vipo na daktari yumo. Anasema chakula kiko mezani tangu asubuhi mpaka usiku. Mimi nikawaza, nitakula na nani? Anasema kuna muziki. Nitacheza na nani? Kila kizuri alichokitaja kilikuwa kizuri kwa watu wawili. Nilimwomba Mungu anisamehe, kwa sababu nilikukasirikia sana kwa kufa.

Jirani yetu Mama Kariuki nilipomdokezea alishika mdomo. "Wewe! Mjane kwa meli? Hata nyasi haijamea vizuri kwa kaburi ya mzee. Watu watasema ulikuwa unangoja aende." Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri kwamba siendi. Na sikuumia sana. Niliona afadhali, hata nikapumua.

Halafu jana Daktari Otieno akaja kuwaangalia ng'ombe. Nilimkaribisha chai ya rangi, nikaona aibu, nikaanza kukusema. Nikamwambia ona jinsi Mzee alivyoniacha, alisahau hesabu za ng'ombe, sasa mgeni anakunywa chai isiyo na maziwa.

Daktari aliweka kikombe chini. Unajua yeye si mtu wa maneno mengi, hata baada ya miaka yote aliyokaa huku kwetu.

"Mama, Mzee hakusahau," alisema. "Mimi nilimwambia, Mzee, ukipandisha hizi ng'ombe pamoja utakosa maziwa. Akaniambia, 'Daktari, hiyo ndiyo nataka. Nataka zikauke zote mara moja nipeleke bibi yangu kwa meli. Usimwambie, atanisumbua na nguo.' Mimi nilijua alikuambia kabla aende."

Hukuniambia. Nilimsindikiza Daktari hadi langoni, nikarudi zizini, nikamshika Karembo shingoni nikalia kwa sauti. Tangu mazishi sikuwa nimelia hivyo. Nililia kwa sababu nilidhani unapotewa na akili, na kumbe ulikuwa unanipangia likizo. Wewe uliyesema hakuna hata nyasi! Ulikuwa unapanga kwa njia pekee uliyoijua, na ulikuwa unacheka peke yako ukikata nepia, nina hakika.

Nimewaangalia viwele leo. Bado wana muda. Meli itaondoka na kurudi kabla hawajazaa, Daktari amenihakikishia. Wakishazaa nitaanza tena kuamka gizani, na mwaka ujao nitawapandisha kwa zamu kama ulivyonifundisha, kwa hiyo hawatakauka pamoja tena. Hii nafasi uliitengeneza wewe na haitarudi.

Nimempigia Muthoni, nimemwambia naenda. Ameniuliza kama anitafutie mwenzangu wa chumba, nimekataa. Mama Kariuki atawakatia ng'ombe nepia. Nilipomweleza ulichofanya alijifuta macho na kuniuliza kama ninayo sweta nzuri, maana baharini kuna upepo.

Sijui kama nitaifurahia, Baba Muthoni. Huenda nikatapika mpaka Unguja. Lakini asubuhi ya kwanza nitaamka saa ya kukamua, najijua, na nitatoka nje niyaangalie hayo maji yako. Nitatafuta nyasi. Kisha nitarudi Mweiga nikiwa na mengi ya kusimulia, na hakutakuwa na mtu wa kunibishia.

Lala salama, mume wangu. Nguo nimeshapanga, na hakuna niliyemsumbua.

Ni mimi,
Mama Muthoni