Mwaka Ulipouza Alizeti kwa Lumbesa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike sijakuandikia, na hata leo sina machozi ya kukuletea.

Unakumbuka soko huria lilipofika kijijini kwetu Ihanja? Redio ilisema mkulima yuko huru kumuuzia amtakaye. Wewe, mpimaji wa chama cha ushirika, ulifurahi. "Soko si adui," ulituambia. "Chama kilikuwa cha serikali. Sasa kitakuwa chetu, tutauza pamoja kwa mizani yetu."

Lakini benki ilikataa kukikopesha chama, na gari la chama la kubeba mazao halikuja. Yakaja malori ya wanunuzi na lumbesa yao: gunia linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa nundu juu, linashonwa kwa kamba, halafu linahesabiwa gunia moja tu. Majirani waliuza. Alizeti yetu ilibaki ndani ikingoja gari la chama.

"Mzee Mizani," jirani yetu Saidi alikutania, "chama kimekufa, bado unakaa matanga?"

"Maiti hujaiona, matanga ya nani?" ulimjibu, mkacheka wote.

Mvua ya kwanza ikapenya paani. Mama akasema taratibu, "Baba Maria, alizeti ikiota humu ndani, tutakula mizani?"

Asubuhi ulikwenda kwenye lori, nami nilikuwa likizo ya sekondari, nikakufuata.

"Jaza, mzee, bado," alisema mpakiaji. Ukajaza. "Shindilia." Ukashindilia kwa goti, wewe uliyekuwa ukimrudishia mkulima hata konzi ya mbegu iliyozidi. Ulirudi nyumbani ukalala mchana kweupe. Katika shajara niliandika: "Baba ameuza alizeti." Nilitafuta sentensi ya pili, sikuipata.

Sasa wanangu wananiuliza kipi kilikuwa bora, ujamaa au soko huria. Wanadhani vilikuwa viwili tu. Nawaambia babu yao alitaka soko lenye wakulima ndani yake.

Juzi wakulima wa kijiji cha Sepuka walikuja. Wanaanzisha chama kipya, wanataka niwe mpimaji kwa kuwa mimi ni mtoto wako.

"Dada, unaogopa?" mmoja aliuliza.

Ningekuwa naogopa, ningejua la kusema. Niliwaahidi jibu Ijumaa ijayo. Leo ni Jumapili, nimekaa uani, na mlango nimeuacha wazi, wakija mapema waingie.

Lala salama, Baba.

Binti yako wa kwanza,
Maria