Kinyonga na Posa Yangu

Ilomba, Mbeya.

Kwa Kaka yangu Mpendwa na Mheshimiwa,

Kamwene. Natumaini barua hii itawakuta wazima nyote hapo Idodi, na kwamba kifua cha Mama kimepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Madhumuni ya kukuandikia ni kukuarifu jinsi nilivyotendwa na Mwalimu Ambokile, ambaye dada yake nimemposa, na kuomba uamuzi wako juu ya posa hiyo.

Kama ujuavyo, nilikuwa nikifundisha insha. Niliwakataza watoto kuandika "mweupe kama theluji", kwa kuwa hapana aliyepata kuiona; nikawaagiza watafute mifano kwa macho yao wenyewe. Ndipo binti mmoja akaandika: "Mzee wa baraza husema kama kinyonga avukaye njia, kila neno hulipima kabla ya kulikanyaga." Kaka, sijapata kusoma sentensi bora kuliko hiyo. Niliinakili ubaoni. Ambokile, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka.

"Shemeji, usiifute," alisema. "Iache hata kesho. Mtoto huyu ana macho."

Nikaiacha. Kesho yake akamleta mzee mwenyewe. Mzee hajui kusoma; Ambokile akamsomea, lakini akaishia kwenye neno kinyonga.

"Huku kwetu kinyonga ni nuksi," mzee akaniambia. "Ndivyo Wahehe mnavyomshukuru mwenyeji wenu?"

Nilimsihi Ambokile amalizie sentensi. Akajibu, "Mimi ni mwalimu wa hesabu tu, mzee. Mambo ya mifano namwachia mwenyewe."

Mimi mgeni sikujua uzito wa neno hilo. Ambokile amezaliwa hapa, alijua. Mzee alishtaki kwa mwalimu mkuu, na sasa insha amepewa yeye, nami nasimamia bustani ya shule. Binti yule alichapwa, na akiniona hubadili njia.

Juzi Ambokile alikuja kwangu, akala, akanawa mikono.

"Shemeji, ya shule ni ya shule," alisema. "Kaka yako analeta lini ng'ombe?"

Dada yake, Tusekile, hana kosa ninalolijua. Aliniletea maharage Jumapili, akayaweka mlangoni, akaondoka.

Umsalimie Mama, shemeji yangu mama watoto, na shangazi yetu aliyekwenda kuposa kwa niaba yangu. Yeye umweleze taratibu.

Wewe ndiwe mkubwa wa nyumba. Naomba uamue: posa iendelee, au ivunjwe?

Mdogo wako mtiifu,
Festo