Damu ya Zamu Mbili

Mahege, 4 Machi 2024

Kwa Maryam,

Assalaamu alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa dini inaniamuru. Hali yako sikuulizi, nasikia unanenepa. Mimi si mzima, na sababu unaijua.

Mume wetu Tahiri katoka zamu yako Ijumaa. Jumamosi nimefua kikoi chake nikakuta damu ya mkojo. Na mimi tangu mwezi uliopita nikienda haja ndogo panachoma, na mwishoni naona wekundu. Miaka kumi na minane nimekaa na huyu mwanamume na maji yetu yalikuwa safi. Umeingia wewe na vitenge vyako hapo Kibiti, miaka mitatu tu, nyumba nzima tunakojoa damu. Umetuletea kisonono, mwanamke wewe.

Sikupigii simu kwa sababu nitakutukana na mama mkwe atasikia. Barua nampa Mshamu wa bodaboda. Nijibu kama una la kujibu.

Mke mwenzio,
Waride

Kibiti, 7 Machi 2024

Bi Waride,

Waalaykumu salaam. Nakuulizia hali japo wewe hukuniulizia. Pole kwa maumivu. Mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Kunenepa kweli nimenenepa. Kisonono sina. Hiyo damu nimeiona hapa tangu mwaka jana, nikajua imetoka kwako. Niliona haya kukuuliza, maana Tahiri alituapisha siku ya ndoa yangu: la zamu ya huyu lisifike kwa yule. Nikaenda peke yangu nikapima magonjwa yote ya zinaa, na cheti ninacho. Niko safi. Kapime na wewe, kisha ndiyo unitukane vizuri.

Mdogo wako, upende usipende,
Maryam

Mahege, 29 Machi 2024

Maryam,

Salaam. Huku wazima, mpunga unachanua, ndege wanatusumbua.

Nimepima Utete. Mkojo wa asubuhi walinikatalia, wakasema niwaletee wa adhuhuri, ndio unaoonyesha vizuri. Wameniona na kichocho. Mganga kasema si ugonjwa wa kitandani. Vijidudu vinatoka kwa konokono, vinapenya ngozi tukisimama majini kupandikiza mpunga. Kwa hiyo kisonono nakifuta. Wamenipa vidonge nikameza pale pale.

Tahiri naye nilimburuta, akapewa vyake. Siku ya sita mkojo wake mweupe kabisa. Mganga alisema damu ikikoma si lazima iwe kupona, tumrudishe apimwe tena, lakini mimi naona kwa macho yangu. Kwangu kapona. Anakuja kwako Jumatatu, mle wali wenu, ila usimhangaishe na mahospitali yako ili aseme wewe ndiye uliyemponya. Hilo nakukataza.

Waride

Kibiti, 16 Mei 2024

Dada Waride,

Assalaamu alaykum. Umzima? Mkojo wako umetulia? Sisi hapa hatujambo kwa shukurani tu.

Nilikusikiliza wiki sita. Nilijiambia, bi mkubwa kasema kapona, nikimpeleka ataniona najipendekeza. Jana damu imerudi, imetoka na mabonge, na baadaye mkojo ukagoma kabisa akawa anajikunja sakafuni. Nimekodi bajaji. Wamemwekea mpira wa kutolea mkojo, sasa anapumua.

Daktari kamuuliza imeanza lini. Kajibu, "Juzijuzi tu." Kaulizwa kama inamwuma ikitoka, kasema hapana. Daktari kaniambia nje kwamba damu isiyouma, inayokuja na kuondoka, kwa mtu wa miaka hamsini na mbili mvuta sigara, haiachwi hivi hivi. Anataka kujua ni ya siku mbili au ya miaka. Ikiwa ya miaka, anamwandikia Dar wiki hii hii. Ikiwa ya juzi, atameza dawa kwanza asubiri.

Mimi nina siku za zamu yangu tu. Nakuomba unipe zako. Dada, nisamehe kwa kukutii.

Mdogo wako,
Maryam

Mahege, 17 Mei 2024

Maryam mdogo wangu,

Salaam. Mshamu anasubiri pikipiki inaunguruma, nitakosea herufi.

Damu ya kwanza niliiona mwezi wa Ramadhani, mwaka mmoja kabla hajakuoa. Siku tatu, ikakoma. Duka la dawa wakampa vidonge vya yutiai. Ikaja tena miezi minne baadaye. Ikaja wakati wa harusi yako, mimi ndiye niliyefua ile suruali nyeupe aliyokuja nayo kwako. Mwaka jana mara tano, mwaka huu kila mwezi. Maumivu hakuwa nayo hata siku moja.

Nilikwambia maji yetu yalikuwa safi. Nilikudanganya. Nilijua damu imekutangulia wewe, nikaona bora nikubebeshe. Ulipoolewa nilibaki na kitu kimoja ambacho wewe huna, ugonjwa wake, sikutaka kukugawia. Mpe daktari yote haya. Mwambie mke mkubwa kasema.

Dada yako,
Waride

Dar es Salaam, 11 Juni 2024

Dada yangu Waride,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Nakuombea afya wewe na mama. Kwanza nikutoe wasiwasi: yuko hai, anakula, na analalamikia uji.

Wamemwingiza kamera hadi kibofuni wakakuta uvimbe. Wameukwangua wote. Ni saratani, dada, sikufichi, lakini haijazama kwenye nyama ya kibofu. Wataosha kibofu kwa dawa, na kila miezi mitatu atachunguliwa tena, miaka na miaka. Sigara kwisha. Daktari kasema kichocho cha muda mrefu nacho kinaweza kuchangia. Karatasi ya tarehe zako imebandikwa kwenye faili lake. Kasema tungesubiri mpaka mwisho wa mwaka, angekuwa anatuambia mengine.

Leo Tahiri kaliona lile faili. Kauliza nani kasema haya yote. Nikamjibu mimi na bi mkubwa, tunaandikiana tangu Machi. Kisha akauliza, "Mnaandikiana nini?" Nikasema mambo yetu. Akataka nimsomee barua zako, nikakataa. Ameugeukia ukuta, amenuna tangu adhuhuri, na kila nikishika kalamu ananichungulia begani.

Njoo uje umwone anavyoona wivu.

Mdogo wako,
Maryam