Sumaili Hataki Sadaka

Alunguli, Kindu, mwezi wa mfungo

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Magoti yanakusumbua bado, ama mvua zimepungua huko Kabambare ukapata nafuu? Na Baba, kile kikohozi? Sisi huku hatujambo. Tunafunga, jua ni kali, lakini jioni uji wa mchele upo na hakuna anayelala na njaa. Feza, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, na usiruke pale unapotajwa.

Mama, ulinitumia maneno kwa dereva wa kamyo: Sumaili atarudi lini? Ulisema shule ameshamaliza, sasa aje akae karibu nawe, maana kijana wa magongo hawezi kujitafutia maisha katikati ya watu wa mji. Leo nina jibu, na ninaandika huku nacheka peke yangu. Mkweo Salumu ananitazama kama nimepandwa na pepo.

Fundi Asumani, yule mshona nguo wa karibu na msikiti, ng'ambo ya mto, alimpokea Sumaili vizuri ajifunze kazi. Shida ilikuwa mashini. Zake zote ni za kukanyaga, na miguu ya mwanao haijakanyaga kitu tangu ile homa ya utotoni. Ikapatikana moja ya zamani chini ya kitanda cha fundi, ya kuzungusha kwa mkono, imeliwa na kutu. Salumu akaomba mafuta kidogo kazini kwake, kwenye gari la moshi, akaisugua mpaka ikazunguka.

Sasa, mkono mmoja unazungusha, umebaki mmoja tu wa kuongoza kitambaa. Ile patalo, suruali yake ya kwanza, Mama wee! Mguu mmoja ulielekea Kindu, mwingine Kibombo. Fundi aliivaa mwenyewe siku nzima watu wakacheka, na Sumaili akacheka kuliko wote. Baadaye akajifunza kushikiza kwanza kwa sindano ya mkono, ndipo anapitisha mashini. Siku hizi mshono wake umenyooka.

Lakini Ijumaa ndiyo ilimtesa. Anakaa barazani, magongo pembeni. Watu wakitoka kusali wanaona magongo tu. Tepu ya kupimia iko shingoni, kitambaa kiko mkononi, hawavioni! Wanamdondoshea franka mapajani, wanamwombea dua, wanaenda zao. Alikuwa anawarudishia kwa hasira. Mzee mmoja akaudhika, akasema kijana gani huyu, maskini mwenye kiburi. Ndipo akaja polisi wa sité, wa mitaa ya hapo.

"Hapa sité hatutaki waombaji," akamwambia fundi. "Nikimuona tena na franka za watu, atapanda kamyo arudi kwabo."

Siku ile niliogopa, Mama, sikufichi. Nikaanza hata kufua nguo zake za safari. Fundi naye akamwambia, "Ingia ukae ndani, mutoto wangu. Ndani hakuna muntu wa kukukosea."

"Ndani hakuna wa kuniona pia, fundi. Nani atajua niko na kazi?"

Akabaki palepale barazani. Kichwa chake unakijua, ni cha Baba kabisa.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya mfungo, nilivuka mto kwa mtumbwi kumpelekea chakula. Nafika tu, watu wanatoka msikitini, na polisi yule amesimama ng'ambo ya barabara. Akapita mama mmoja mtu mzima, muuza mawese, akadondosha franka yake: tap! Nikafumba macho. Nikajua leo Sumaili atamtukana mama wa watu.

"Mama, simama nikupime," nikamsikia akisema.

"Unipime nini?"

"Si umetanguliza malipo, umenipa avansi? Unataka libaya ya mikono mirefu ao mifupi?"

"Ee, mutoto wangu, hiyo njo sadaka!"

"Sadaka upelekee maskini. Miye niko fundi. Nyoosha mikono."

Wallahi, Mama, akanyoosha! Watu wote wa msikiti wamesimama, wanacheka, na yeye mwenyewe anacheka mpaka anafuta machozi, huku Sumaili akimpima mabega kutoka kwenye kigoda chake na kumwambia ainame. Yule mama akasema mikono mirefu, na kitambaa ataleta kesho. Kweli akaleta, na alipoivaa libaya yake, blauzi ya mikono mirefu, alizunguka soko zima akiionyesha.

Tangu siku ile, mtu akidondosha franka anaulizwa vipimo. Wengine wanakimbia! Wengine wanabaki, wanashonewa. Hata polisi ameleta suruali yake ya kazi, imepasuka matakoni. Sumaili akamtazama, akamuuliza, "Avansi iko wapi?" Polisi akatoa. Habari za kamyo hazijatajwa tena.

Basi Mama, usimtandikie kitanda. Atakuja baada ya Idi kukusalimu, akae siku chache, arudi kazini. Najua utalia kidogo. Mimi pia nililia, lakini kwa furaha.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akimbeba Sumaili mgongoni wakati wa mvua. Nisalimie mjomba wa shamba la mpunga, na mke wake mdogo, nasikia amejifungua salama. Feza, wewe nguo ya Idi inashonwa, ila kaka yako anasema umpelekee vipimo vya kweli, usijipunguze kiuno.

Na neno moja ni la Baba. Juzi Sumaili alirudi na mchele, akatandika mkeka, akaanza kupima kwa kibaba. Nikanyoosha mkono niupeleke jikoni. Akanishika mkono dada yake.

"Acha, Yaya. Hiyo njo fitri yangu."

Ameshaipeleka mwenyewe kwa imamu, ikagawiwe wenye shida. Kwa hiyo mwaka huu Baba akipimia watu wa nyumba yake zaka ya fitri, fungu la Sumaili asilipime.

Ni mimi binti yako,
Mwajuma