Kofia ya Kulwa

Marahaba, Kabula mjukuu wangu. Bibi yako hajambo, na mpunga umeota vizuri.

Umeuliza kofia ya baharia iliyo sandukuni mwangu ni ya nani. Ni ya Kulwa, pacha wangu, aliyezama ziwani na boti ya jeshi wakati wa vita na Uganda. Nilimwibia alipokuja nyumbani likizo yake ya mwisho. Sura yetu ilikuwa moja, lakini wasichana wa Chato walimtazama yeye tu.

Mwili haukupatikana, wazee wakaamua tuzike nguo zake. Mama akaulizia kofia. Nikasema sijaiona, nikatoa shati langu nikadai ni la Kulwa.

Mama alililia kaburi la shati langu mpaka uzeeni, na bado nilimwonea Kulwa wivu.

Sijawahi kuivaa.

Babu yako, Doto