Kompyuta Ilikuwa na Vumbi Tu

Mdogo wangu Athumani,

Neno "mpendwa" nimekuandikia mara nyingi tangu ulipokuwa shule ya bweni. Leo limenigomea. Simu zangu hupokei. Wifi kila nikimpigia ananiambia umetoka, umelala, uko kazini. Basi nakuandikia hapa mtandaoni wanaposoma watu wote, maana huko kwako Ruangwa hapakosi mtu wa kukuonyesha.

Unakumbuka siku tulipoileta ile kompyuta? Uliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Ruangwa, mtumba lakini nzima, ukaniita tusaidiane kuibeba. Kwenye basi ulikataa katakata isiwekwe kwenye buti. Ulipakata kioo, mimi nikapakata boksi la mashine yenyewe, na kila gari lilipoingia shimoni ulinigeukia mimi badala ya dereva: "Dada, shika vizuri!" Tulishuka Nachingwea miguu imekufa ganzi, tunacheka kama wehu. Nilikupenda sana siku ile.

Tuliiweka kwa mama, chumba cha mbele, boksi likakaa chini sakafuni pembeni ya magunia ya ufuta. Bibi alikuwa ameshahamia hapo kutoka Mtua, macho yake hayaoni tena vizuri. Mimi nilikuwa namrekodi kwa simu, na simu ikijaa nahamishia kwenye kompyuta. Mara ya kwanza aliposikia sauti yake inatoka kwenye spika, alitega sikio, halafu akaanza kubishana nayo. "Muongo huyo! Haikuwa asubuhi. Jua lilishasimama!" Wewe ulijilaza chini kwa kicheko. Ikabidi nimrekodi upya, maana alitaka maneno yake yawe kweli.

Na yalikuwa kweli. Alisimulia alivyovuka Ruvuma akiwa msichana mdogo, ameng'ang'ania nguo ya mama yake, vita imewatoa kwao Msumbiji. Alitaja majina ya waliobaki ng'ambo, mmoja mmoja. Alieleza walikochimba ming'oko, ile mizizi ya porini, mwaka ule wa njaa. Aliimba nyimbo za kutwangia, pumzi ikimkatikia katikati, anacheka, anaanza tena. Alipofariki, sauti yake ilibaki humo tu.

Kisha kompyuta ikaanza kuzembea. Nilikueleza kwenye simu, sikuficha neno: "Asubuhi inakwenda vizuri. Ikishawaka muda inaunguruma, inakuwa nzito, mwisho inajizima yenyewe." Hukunisubiri hata nimalize.

"Virusi hao, dada. Hiyo ni ya kupiga fomati tu. Nakuja."

Ukaja, wiki ile ya kuelekea arobaini ya bibi. Nilikupa flashi nyekundu, mpya, bado imo kwenye karatasi yake. Nikakwambia, "Athumani, kabla hujagusa kitu, toa nakala ya sauti za bibi. Halafu fungua nisikie kama zimehamia." Nikaenda jikoni kumsaidia mama. Niliporudi mashine ilikuwa imeshafutwa yote, imewekwa programu mpya, na wewe unaishindilia filamu zako.

"Sauti ziko wapi?"

"Kwani mimi mtoto, dada? Zote zimo kwenye flashi. Naondoka nayo nikazisafishe kidogo, zisikike kwa watu wengi. Siku ya arobaini nakuja nayo."

Nilikuamini. Tumenyonya ziwa moja, nisikuamini kwa nini?

Siku ya arobaini watu wakaja. Wajomba walitoka Chinongwe, wamekaa mkekani, na mama alikuwa ameshawatangazia kwamba leo mtamsikia marehemu mwenyewe. Nilikuomba flashi, ukasema subiri kidogo. Nikakuomba tena, ukasema subiri kidogo. Nikaenda kwenye gari lako, nikaikuta imechomekwa kwenye redio, nikaichomoa kwa mkono wangu, nikaichomeka kwenye spika mbele ya wazee.

Ikatoka singeli.

Singeli, Athumani, kwenye arobaini ya bibi yako! Watu wamevaa kanga na kanzu, wengine bado wameinua mikono ya dua. Ulikuja mbio ukaing'oa, lakini kila mtu alishasikia. Mama hakupiga kelele. Alikutazama, akakuuliza kwa sauti ndogo sana, "Mama yangu yuko wapi?"

Nawe ukajibu nini? "Nilipitiwa, mama. Ila ni sauti tu. Picha zake si zipo?"

Sauti tu! Ukaingia kwenye gari kabla hata pilau haijapakuliwa.

Nisikilize sasa. Kupitiwa nakuelewa. Kila mtu hupitiwa. Ninachoshindwa kukimeza ni ule uongo wako, tena umenitazama machoni. Ungesema siku ileile, "Dada, nimeharibu," ningeizima mashine papo hapo na kuikimbiza kwa fundi. Nimempelekea baadaye, akahangaika nayo sana. Akanieleza kwamba vilivyofutwa wakati mwingine hupatikana, ilimradi mashine iachwe vilevile, isiongezwe kitu juu yake. Wewe uliijaza filamu za mapigano. Umemfukia bibi mara ya pili.

Na bado sijafika kwenye linaloniunguza zaidi. Baada ya fomati yako kompyuta ilirudia uzembe wake uleule. Ikanguruma, ikawa nzito, ikazima. Nikaligusa boksi, lilikuwa la moto kama sufuria. Nikachomoa umeme, nikaliacha lipoe, nikafungua kifuniko. Feni ilikuwa haionekani, ndugu yangu. Vumbi na makapi ya ufuta vimeshikamana kama blanketi, hewa haipiti. Nikasafisha taratibu kwa brashi mpya ya rangi, nikarudisha kifuniko, nikawasha. Ilikimbia kutwa nzima bila kuguna.

Nilikaa pale nikalia kwa hasira mpaka mama akaja kuuliza nani tena amekufa. Nilikwambia inaunguruma. Nilikwambia inazembea ikishapata moto. Ungeweka tu kiganja chako pale! Hapakuwa na virusi. Umefuta sauti ya bibi kwa sababu ya vumbi.

Siku hizi boksi linakaa juu ya meza, mbali na ukuta. Magunia nimeyahamishia chumba cha nyuma. Kile kitambaa cha kufuma ambacho mama hulifunikia boksi nakiondoa kabla ya kuwasha. Kila kitu ninacho mara mbili, nakala nyingine iko kwa mama mdogo, na siamini kwamba nakala ipo mpaka nimeifungua nikaisikiliza kwa masikio yangu. Hilo la mwisho umenifundisha wewe.

Juzi nilikwenda Chunyu kumrekodi Bibi Zaituni, mdogo wake bibi. Yeye ndiye pekee aliyebaki kati ya wale waliovuka mto pamoja. Kiswahili chake ni cha salamu na cha gulioni. Nilipomwomba asimulie, alihamia Kimakua, akasema, akaimba, akafuta machozi, akacheka. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mgeni. Nimeambulia majina tu. Wewe ndiye uliyelelewa na bibi kule Mtua mpaka ukaota kwa Kimakua. Mama mwenyewe anaambulia salamu tu; katika nyumba yetu amebaki nani mwingine wa kuielewa lugha ile? Inaniuma kukuhitaji, lakini ndivyo ilivyo.

Aliponichoka akaniuliza, "Yule ndugu yako anayejua kusema, yuko wapi?"

Sikukusitiri. Nikamwambia, "Amejificha, bibi."

Alitafuna kidogo ming'oko yake, akafikiri, akasema, "Mwambie atoke."

Basi toka, Athumani. Jumamosi nakwenda tena Chunyu, njia ya kuja unaijua. Usiniletee zawadi wala maelezo.

Ni mimi dada yako, ambaye bado hajakusamehe.