Kifua cha Ndurya

Diani

Kwa Mama yangu, Samburu,

Shikamoo Mama. Goti lako laendeleaje? Mbuzi wamepata maji? Mimi ni mzima, na ujue mwanao ndiye mfalme wa majiko yote ya hoteli huku: kamba wa baharini wakiniona tu, wanajivua maganda wenyewe. Mpishi mkuu bila mimi hajui hata chumvi iko wapi. Mbeyu dada yangu, wewe unayemsomea, usicheke, soma.

Mama, nilikuja kumzika mdogo wangu Ndurya nikaondoka kabla ya matanga kwisha. Sasa kila ukinipigia simu kuniuliza ilikuwaje, nasema mtandao mbaya. Mtandao ni mzuri. Ni ulimi wangu.

Nilirudi hospitali ya Msambweni kumuuliza daktari kilichomuua Ndurya. Mimi niliyeishia darasa la sita nikayashika yote aliyonieleza. Sisi watu wa mbuzi, hakuna aliyejua kwamba mwili wake haukubali kamba. Tukiwachemsha pamoja jikoni huku hotelini, mvuke ukimpiga usoni, alikuwa akipiga chafya na kujikuna, nami nikimwita bibi harusi anayedeka. Kumbe mwili uliwaona kamba kuwa adui, ukamwaga kemikali za kupigana nao. Ya kwanza yaitwa histamini, huwasha na kuvimbisha. Nyuma yake huja leukotrini, kali zaidi, wala hazina haraka ya kuondoka. Hukaza misuli ya njia za pumzi mpaka hewa ipite kama kwenye mrija wa kalamu. Dawa ya kuilegeza ipo, bora mgonjwa afikishwe mapema. Na moshi, akasema, huzidi kukaza.

Msalimie Baba, na shangazi mwenye kibanda cha chai. Mwambie asichoke kunitafutia mchumba, mzuri kama mimi hapatikani.

Mama, mchana ule wa mwisho Ndurya alitoka jikoni akarudi kwenye chumba tulichopanga, kifua kikipiga filimbi. Akaniambia, "Kaka, nipeleke hospitali." Nikamjibu ni pepo wa baharini, amempenda mgeni. Mlisikia kwamba mama mwenye nyumba ndiye aliyemfukiza. Si yeye. Ubani niliuwasha mimi, nikafunga mlango na dirisha moshi usitoroke. Ndurya akanyoosha kidole dirishani. Nikadhani anamwona pepo, nikamwambia, "Haya, nionyeshe alipo."

Alikuwa anaomba hewa, Mama.

Mwanao,
Mangale